Murwaza Wangu Ndiye Aliyenivunja Shingo

Kama umefungwa kola shingoni na unasoma hii huku simu umeinyanyua juu ya uso kwa sababu huwezi kuinama, nakuandikia wewe. Wengine watakuambia uvumilie, usali, usamehe ili upone haraka. Mimi sijamsamehe mtu na nimepona. Kichwa kinageuka kulia vizuri, kushoto kinageuka nikikibembeleza, na mkono wa kushoto umebaki na vidole vitatu tu vinavyosikia moto. Mambo ya mifupa waulize madaktari. Mimi nitakueleza ya kwenye mabenchi, na ya mtu aliyenifikisha kwenye hayo mabenchi.

Naitwa Mama Neema. Mimi ni msimamizi wa kitengo cha kufungasha biskuti katika kiwanda kimoja kule Masoro, Kigali. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda. Mume wangu Deo naye alikulia Mwanza, kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili tangu chai ya asubuhi. Miaka minne kabla ya haya yote, mdogo wake Deo, Evarist, alitufuata Kigali tukampa chumba cha nyuma. Ana duka dogo la makava na chaja za simu mjini. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, kila mtu anampenda. Hata mimi nilimpenda.

Kiangazi cha mwaka jana kiwanda kilitupeleka wafanyakazi na familia zetu kwenye bustani ya michezo ya maji, nje kidogo ya jiji. Jina lake sitalitaja. Kulikuwa na bomba kubwa la buluu: unapanda ngazi, unakaa, maji yanakusukuma, unazunguka mara tatu na kutemwa bwawani. Sheria zilibandikwa kwenye ubao kwa lugha tatu. Mmoja mmoja. Usiteremke mpaka wa mbele yako ametoka bwawani. Usitangulize kichwa. Usishike simu. Watu walizisoma kama wanavyosoma maandishi ya kwenye kiberiti. Wanaume waliteremka watatu watatu wamekumbatiana, na mama mmoja niliyemzoea kazini alitaka kushuka na mtoto anayenyonya. Juu kabisa alisimama mama wa makamo mwenye shati la njano, ndiye anayetoa ruhusa. Alikuwa na filimbi, lakini siku hiyo watoto wetu walikuwa wamegawiwa filimbi za plastiki, basi yake haikumshtua mtu. Alibaki na sauti na mkono.

Nilishuka vizuri. Tatizo ni kwamba maji yalinivua wigi. Lilikuwa jipya, na chini yake nywele zangu zilikuwa zimesukwa mafungu matatu yasiyo na mpango, na pembeni ya bwawa wamesimama wafanyakazi ninaowafokea kila siku. Nikabaki mlemle ndani, maji ya kiunoni, nainama nalitafuta. Ilinipasa nitoke. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na ndilo pekee ninalolikubali.

Evarist akachomoka bombani akatua mgongoni kwangu kwa magoti yote mawili. Nilisikia shingo inalia kama mtu anavunja muwa, kisha sikusikia tena mikono. Yule mama wa shati la njano alishuka ngazi mbiombio akipiga kelele kwa Kinyarwanda niachwe hapo hapo, nisivutwe. Evarist akanishika kwapani akanivuta. Wewe unayesoma, mtu akiumia shingo majini mshikilie tu uso wake juu ya maji, mwili ubaki umelala ulivyo, na mngoje wanaojua. Usimburuze kama gunia la viazi.

Kabla hata gari la wagonjwa halijafika, nikiwa nimelazwa kwenye ubao natazama jua, nilimsikia Evarist akimweleza kaka yake.

"Yule mama alisema oya. Sasa oya si ndiyo twende?"

Kwa asiyekaa huku, oya kwa Kinyarwanda ni hapana. Kwa vijana wa vijiweni Mwanza, oya ni mwito wa kumchangamsha mtu: oya vipi, oya twende. Basi hadithi ikawa tamu. Watu walikuwa wanalia na papo hapo wanacheka. Mpaka jioni kiwanda kizima kilikuwa nayo, na meneja wa bustani akaipokea kwa mikono miwili, maana ilimpa wa kumtwisha mzigo: mfanyakazi aliyemkatalia mgeni kwa lugha asiyoijua. Yule mama akafukuzwa wiki hiyohiyo.

Asiyoijua! Miaka minne Kigali. Mimi nimekaa kwenye duka la Evarist nikimngoja afunge. Mteja akitaja bei ya chini, Evarist anamwambia oya. Akitaka kuongezewa chaja ya bure, oya. Kutwa nzima mdomo wake ni oya, oya, oya, na hakuna siku hata moja aliyowahi kumaanisha twende.

Nilimwambia Deo haya wodini, nimelala chali, macho kwenye dari. Akasema, "Mama Neema, mtu akiwa kwenye maji yale hana muda wa kutafsiri. Evarist hawezi kukufanyia hivyo makusudi."

"Sijasema makusudi. Nimesema alijua."

"Pumzika," akasema, akanifunika shuka ambalo nilikuwa tayari nimefunikwa.

Hapo ndipo nilipoamua. Hospitali za kwetu muuguzi hakuletei uji wala hakufulii nguo. Kila mgonjwa lazima awe na murwaza, mtu wake wa nyumbani anayemhudumia: analeta chakula, anamwaga beseni, anapanga foleni ya karatasi na ya dawa. Dada yake Deo, Josée, alijitolea. Nikasema sawa, Josée aniogeshe asubuhi, lakini kazi zote nyingine namtaka Evarist. Mama mkwe wangu alilia kwa furaha. Akawaambia wagonjwa wa jirani kwamba mkwe wake ana moyo wa dhahabu, anamtaka karibu yule yule aliyemwumiza. Nilimwacha aseme. Mtu aliyelala chali wiki sita hana silaha nyingi. Mimi nilikuwa na mdomo, na shemeji aliyekuwa anaona haya kukataa.

Nilimtesa, sitaficha. Uji ukija wa moto nilisema umeniunguza, akiupooza nilisema ni wa jana. Siku moja niliurudisha mara tatu, kila mara anapanda ngazi za ghorofa mbili na termosi. Nilimpa nguo zangu za ndani akafue kwenye bomba la nyuma, kule wanakofulia wanawake wanaouguza, nikawasikia kupitia dirishani wakimtania kwa Kinyarwanda, na yeye akiwajibu vizuri kabisa kwa Kinyarwanda. Lugha asiyoijua! Duka lake lilikuwa linafunguliwa saa tisa alasiri. Akija ameinamisha kichwa nilimuuliza, "Vipi shem, shingo inakuuma?"

Na ninyi mnaonisoma mnafikiri nina roho mbaya. Sawa. Lakini nilikuwa sioni kitu ila dari, nikikojoa kwenye mpira, na kila mgeni aliyeingia alikuja na hadithi ya oya mdomoni. Hasira ndiyo ilikuwa inaniamsha asubuhi. Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka kuliko hata kutembea: Evarist aseme mbele ya watu kwamba alijua.

Wiki ya nne alikuja mgeni nisiyemfahamu. Mwanamke mwembamba, kikapu cha maparachichi, amesimama mbali na kitanda. Akasogea mpaka uso wake ukaingia mahali ninapoweza kuona, nikamkumbuka.

"Mimi ni Espérance," akasema. "Ile ya juu ya bomba." Amekulia Bujumbura, Kiswahili chake ni cha sokoni kule, kinaeleweka.

Nikamwambia akae. Akakaa nusu ya kiti.

"Mama, mi nilimwambia oya mara tatu. Na mkono nikaweka hivi." Akaweka kiganja chake hewani, wima, kama anazuia mlango. "Kwa kifua yake. Akatoa mkono yangu, akacheka, akakaa, akaenda."

"Ulimwambia hayo meneja?"

"Nilisema. Wakasema mgeni amesema ingine." Akapanga maparachichi kwenye kabati langu moja moja, polepole. "Mama, mi sikuja kuomba kitu. Nilikuwa nataka tu wewe ujue ile siku mi sikulala kazini."

Alipoondoka nililia, machozi yakanijaa masikioni kwa sababu sikuweza kugeuka. Evarist aliingia na chakula akaniuliza nina nini. Nikamuuliza yeye, kwa upole kabisa, kama kuna mtu aliyemwekea mkono kifuani siku ile. Akaweka sahani chini. Akasema hakumbuki. Kisha akasema kisamvu kitapoa.

Mvua za vuli zilinikuta nyumbani na kola. Kola ni gereza lenye sifongo. Jasho linatuama, kidevu kinatoka vipele, chakula unakila bila kukiona. Funga taulo dogo la pamba ndani yake na libadilishe mara mbili kwa siku, na chai inywe kwa mrija, usiwaonee haya wanaokutazama. Nilikonda mikono, nikanenepa tumbo. Mkono wa kushoto ulikuwa ukiniangushia vikombe. Neema, binti yangu, ana miaka kumi na miwili, alijifunza kunifunga vifungo bila kuniangalia usoni, na mpaka leo sijui ni nani alimfundisha adabu hiyo.

Kisha zikaja siku za mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki, kiangazi kifupi chote cha Januari na masika yote yaliyofuata. Unapewa namba, unakaa. Benchi lile halina mgongo, na mtu wa shingo bila mgongo wa kuegemea anakuwa hana mwili. Mlinzi wa pale mlangoni, mzee asiyesema sana, aliliona hilo siku ya pili, akanitolea kiti chake mwenyewe chenye mgongo mrefu. Kila Jumanne na kila Ijumaa nilikikuta kimewekwa ukutani, na yeye amesimama. Huyo ningemwandikia kitabu kizima.

Na Evarist alikuwa pembeni yangu, amebeba faili. Wagonjwa wakiuliza nilipatwa na nini, yeye ndiye aliyejibu. Alianza kwa aibu, lakini kadiri wiki zilivyokwenda akaikomaza ile hadithi. Akaiongezea sauti ya Espérance, nyembamba, ya kuchekesha. Akaiongezea mikono. Watu wenye magongo walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nilikuwa siwezi kugeuza shingo nimkazie macho, ikabidi niukazie macho ukuta uliokuwa mbele yangu.

Deo alichoka kabla yangu. Siku moja, nimemrudisha Evarist sokoni mara ya pili kwa ajili ya nyanya, Deo akafunga mlango wa chumbani.

"Inatosha. Miezi minane umemfanya mtumwa. Unataka nini zaidi?"

"Neno moja."

"Na akishalisema, nibaki na mke au nibaki na mdogo wangu?"

Tulikaa siku nne tunaongea kwa kumtuma Neema. Hata hivyo, kila asubuhi aliendelea kunifunga sidiria, maana vidole vyangu havikuweza. Alinifunga amenuna, na mimi nimenuna, halafu anatoka kwenda kazini.

Nilichokosea ni hesabu yangu mwenyewe. Nilidhani namwadhibu. Kumbe kila beseni alilomwaga lilikuwa linaonekana, na kila ngazi aliyopanda ilikuwa inasimuliwa. Kanisani walianza kumtolea mfano. Majirani walimwita murwaza wa kweli. Wasichana wawili wa jumuiya walianza kupita dukani kwake bila kununua chaja. Nilikuwa nimemchukua mwongo nikamfanya mtakatifu kwa mikono yangu mibovu.

Kola ilitoka, mazoezi yakaisha masika yalipokatika, na familia ikataka kufanya shukrani nyumbani. Ni desturi: mgonjwa akiinuka, watu wanaalikwa, Mungu anashukuriwa, na murwaza anasimamishwa apongezwe. Mama mkwe alikuja na kitenge kipya cha kumfunika Evarist mabegani. Niliambiwa niandae maneno ya kumshukuru. Nikasema nitaandaa. Nikampigia simu Espérance.

Ilikuwa Jumamosi mchana, viti vya plastiki vimejaa uani, mishikaki inachomwa nyuma ya nyumba. Espérance alikaa mstari wa nyuma, amevaa vazi la sherehe, mushanana wa kijani, umefungwa begani vizuri sana. Evarist alimpa soda kwa mkono wake na hakumtambua. Aliposimamishwa kuzungumza, alishukuru, akalengwalenga na machozi, halafu, kwa kuwa watu walikuwa kimya na yeye hapendi ukimya, akaanza ile hadithi. Sauti nyembamba, mikono, oya, oya. Ua mzima ukacheka. Hata mlinzi wangu wa kiti, niliyemwalika, alitabasamu.

Nikasimama.

"Nina la kuongeza," nikasema. "Espérance, njoo hapa mbele. Onyesha."

Alikuja bila haraka. Alisimama mbele ya Evarist, mwembamba vile, akainua mkono, akauweka wima katikati ya kifua chake, juu ya kile kitenge kipya.

"Oya najua ilikuchanganya," akamwambia. "Na hii mkono? Hii ilikuwa inasema nini?"

Evarist aliutazama ule mkono. Alitabasamu kwanza, tabasamu la dukani, likakosa pa kukaa. Akamtazama Deo, na Deo alikuwa anamtazama yeye, na nadhani ni hapo Deo alipojua, kabla neno halijatoka.

"Nilijua," akasema Evarist. "Nilimwona shemeji chini, anatafuta wigi. Nilikuwa na simu. Nilitaka nimpige video kabla hajalipata, niitume kwenye grupu la familia tucheke. Ningengoja angekuwa ameshalivaa." Akafuta pua kwa kitenge. "Huyu mama aliniambia nisishuke. Nilimsikia. Nilimwelewa."

Miezi kumi nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilitaka yamwangushe chini. Sasa sikiliza kilichotokea: watu walipiga makofi. Kwenye mikutano yetu ya sala mtu akikiri anapigiwa makofi, ndiyo mazoea, na mikono ilikwenda yenyewe. Mama mmoja akaanza wimbo. Mama mkwe akamkumbatia mwanawe analia kwamba shetani ameaibika. Evarist alilia begani kwake, na alipoinua uso nikaona ameshaanza kujisikia vizuri. Nilitamani kumrushia sufuria.

Akamgeukia Espérance, mikono yote miwili mbele, kama inavyotakiwa. "Mama, nisamehe."

Espérance hakuishika ile mikono. Wala hakufoka.

"Kazi yangu iko wapi?" akauliza.

Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja nyuma ambaye hakuwa amesikia, kisha naye akaacha.

"Nitakwenda kwa meneja," akasema Evarist. "Jumatatu. Nitamweleza yote, nitaandika hata barua."

"Leo ni Jumamosi. Jumamosi wako wazi," akasema Espérance. "Na meneja iko."

Evarist alitazama wageni, akatazama mishikaki inayotolewa motoni, akatazama mama yake. Mwisho akanitazama mimi. Miezi kumi yule mtu alikuwa amejifunza kuniangalia usoni na kujua ninachotaka kabla sijasema, maji au mto au dirisha, na sasa alikuwa anangoja niseme kwamba Jumatatu inatosha, chakula kiko tayari.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Nikamsikia Deo akivuta kiti chake nyuma. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na funguo za gari, na bila kumtazama mdogo wake akaenda kumfungulia Espérance mlango wa mbele wa gari.